Jinsi ya kusoma hesabu za muvi za supahiro kabla hujabishana kijiweni

Mwaka 2025 kijiweni kwetu kulikuwa na ubishi uliochukua kama wiki mbili nzima. Jamaa mmoja anasema Captain America: Brave New World imepiga hela, dola milioni 415, akawa anaibadilisha kwa madafu kabisa anapata zaidi ya trilioni moja, "trilioni nyie, afu mnasema imebuma?" Mwingine anamwambia hiyo muvi imebuma mpaka basi, Marvel, studio iliyoitoa, kwisha habari yake. Wote wawili wameshika namba moja ileile, kila mtu anatoka na jibu lake, na hamna hata mmoja aliyekuwa anajua ile namba inapima nini.

Basi nikaona niandike jinsi mimi ninavyosoma hizi hesabu. Sio sayansi ya roketi, ukishazoea unatumia dakika tano na kalkuleta ya simu. Namba zenyewe zipo bure kwenye Box Office Mojo na The Numbers, unaandika jina la muvi zinakuja zote. Kitu kimoja tu cha kujua ukifungua huko ni kwamba wakisema soko la ndani wanamaanisha Marekani na Canada kwa pamoja, sisi huku wote tumo kwenye fungu la kimataifa pamoja na China, Uingereza, Brazil na wengine. Na wanahesabu tiketi za sinema tu. Ile buku ama mia tano uliyotoa kibanda umiza kuangalia imetafsiriwa haipo popote, hata tungejaa vipi.

Anza na bodaboda

Chukua bodaboda wa mkataba. Jioni anakwambia leo nimekusanya 35,000. Ukisikia hivo unamuona ana maisha, ila humo ndani kuna hesabu ya bosi, kuna mafuta, kuna pancha ya asubuhi, kuna wali maharage wa mchana. Anachoingia nacho ndani kwake ni kitu kingine kabisa. Sasa namba ya boksi ofisi ni ile 35,000. Ni pesa yote ambayo watazamaji wamelipa dirishani, dunia nzima, kabla hakuna aliyegawana na mwenzake.

Wa kwanza kuchukua chake ni mwenye ukumbi. Kwa Marekani studio inabaki na kama nusu ya tiketi, muvi kubwa kubwa inaweza kuzidi kidogo hapo. Nje ya Marekani inashuka mpaka kwenye asilimia 40 hivi. China ndo kabisa, studio ya Marekani inaondoka na asilimia 25 tu. Usizishike hizi kama msahafu, mikataba yenyewe ni siri za watu na kila muvi ina yake, ila ni makadirio wanayotumia watu wanaofuatilia haya mambo kila siku na yanatosha kukutoa gizani.

Haya turudi kwa Captain America wetu wa milioni 415. Kama milioni 200 zilitoka Marekani na Canada, 215 zilitoka kwingine. Nusu ya 200 ni 100. Asilimia 40 ya 215 ni 86. Jumla 186. Bajeti iliyotangazwa ilikuwa 180. Utasema aah kumbe wamebaki na 6, sio mbaya. Hapana mkuu, bado matangazo. Zile trela, mabango, steringi kuzungushwa nchi hadi nchi akihojiwa, muvi ya saizi hiyo inakula milioni 100 au zaidi kwenye matangazo peke yake na hiyo hela haimo ndani ya ile 180. Kwa hiyo sinemani haikurudisha. Yule wa trilioni alikuwa anahesabu makusanyo ya bodaboda.

Ila na huyu wa pili naye asitambe sana, maana muvi ikitoka sinemani bado inauzwa na kukodishwa mtandaoni, inaenda kwenye Disney+ (mtandao wa Disney, ambao ndo wenye Marvel), inauzwa kwenye TV za nchi mbalimbali, na kuna midoli na nguo. Kwa baadhi ya mashujaa midoli ndo biashara yenyewe. Mfano Spider-Man, tiketi za muvi zake ni za Sony lakini hela ya midoli na fulana inaenda Disney, walinunua hiyo haki tangu 2011. (Lile begi la Spider-Man la Kariakoo silihesabu, tunajuana.) Kwa hiyo ukisema imebuma, sema imebuma sinemani, utakuwa salama.

Kama hutaki kupiga hesabu ndefu, zidisha bajeti mara mbili na nusu

Hii ndo njia ya mkato. Chukua bajeti, zidisha kwa 2.5, hapo ndo karibu na pale ambapo hela inaanza kurudi. (Kuanzia hapa nikitaja hela bila neno lingine ni milioni za dola.) Superman ya James Gunn ya 2025 bajeti ilitajwa 225, ukizidisha unapata kama 562, yenyewe ikaingiza 616. Imepita, ila sio kwa kishindo kile mashabiki wa DC, wapinzani wa Marvel, wanachokitangaza. Thunderbolts* bajeti 180, ilitakiwa 450, ikaishia 382. Hapana. Fantastic Four: First Steps ilipita 500 ikafika kama 521, na bajeti yake ni zaidi ya 200, hiyo iko mstarini kabisa, ndo maana ukisoma huku na kule unakuta wengine wanaipongeza wengine wanaisikitikia. The Marvels ya 2023 iliingiza 206 dunia nzima wakati kuitengeneza tu ilipita 200. Hiyo hata usihangaike kuzidisha.

Sasa geuza upande wa pili ndo utaona uhondo. Deadpool ya 2016 ilitengenezwa kwa 58, ikaingiza 782. Joker ya 2019 ilitengenezwa kwa hela ambayo haikufika hata 100, ikapita bilioni moja, na hiyo ni bila kuonyeshwa China. Studio wakalewa sifa, muongozaji yuleyule, steringi yuleyule, Joker ya pili ya 2024 bajeti ikapanda mpaka kwenye 200 hivi, ikaingiza 207. Yaani kama ile ya pili wangeitengeneza kwa bei ya ile ya kwanza, 207 isingekuwa msiba, ingekuwa tu muvi ambayo haikufanya vizuri. Watu wengi wanaangalia mapato peke yake, wakati kinachoua muvi nyingi za supahiro sahivi ni upande wa matumizi. Iron Man ya 2008 ilitumia 140 ikaingiza 585 na kila mtu akashangilia, ndo iliyoanzisha yote haya. Leo 585 kwa muvi ya Marvel yenye bajeti ya 250 ni kikao cha dharura.

Afu bajeti zenyewe usizimeze nzimanzima. Studio zinapenda kutaja ndogo. Muvi nyingi za Marvel zimepigwa Uingereza, na ukipiga Uingereza serikali inakurudishia sehemu ya gharama ila lazima kampuni iliyosimamia muvi iwasilishe mahesabu yake, na mahesabu hayo ni ya wazi, mtu yeyote anasoma. Ndo kule waandishi walikokuja kukuta Doctor Strange ya 2022, Quantumania (ile ya Ant-Man ya 2023) na The Marvels ziligharimu zaidi ya zilivyotangazwa mwanzo. Mimi nikiona bajeti ya supahiro imeandikwa 200 kavu, kichwani naandika 200 na ushee.

Wikiendi ya pili ndo inaongea

Hapa ndo napapenda kuliko pote kwa hiyo mnivumilie.

Wikiendi ya kwanza, Ijumaa hadi Jumapili pamoja na maonyesho ya Alhamisi usiku, inapima kitu kimoja tu, hamu. Trela, jina, steringi, kelele za mtandaoni. Watu wananunua tiketi hawajui muvi ikoje. Wikiendi ya pili inapima maneno ya waliotoka ukumbini. Yule wa kwanza amerudi kazini Jumatatu, wenzake wanamuuliza vipi ile kitu, anajibu "kali" au anavuta mdomo. Hakuna tangazo linaloshinda huo mdomo.

Kwa hiyo unachofanya ni kuchukua mapato ya Marekani na Canada ya wikiendi ya pili ukalinganisha na ya kwanza, yameshuka asilimia ngapi. Muvi za supahiro kwa kawaida zinashuka sana kwa sababu mashabiki wote wanakimbilia siku za kwanza wasije wakasimuliwa mwisho wa muvi. Kushuka asilimia 50 hadi 60 ni kawaida. Chini ya 50 ni raha tupu. Ukiona inakaribia 70 jua kuna moto nyuma ya nyumba.

Black Panther ya 2018 ilifungua na 202, wikiendi ya pili ikashuka asilimia 45 tu, ikaingiza 111 nyingine. Unajua maana yake? Wikiendi yake ya pili ilizidi wikiendi ya kwanza ya Quantumania iliyokuja miaka mitano baadae, ambayo ilifungua na 106 watu wakasema haya Marvel wamerudi, wiki moja mbele ikaporomoka karibu asilimia 70. The Marvels ilifungua na 46, ikashuka asilimia 78. Captain America ya 2025 ilishuka 68, Fantastic Four 66. Superman alishuka 53, Deadpool & Wolverine 54. Joker ya pili ilishuka 81 na hapo sina la kuongeza.

Kipimo kingine cha ukoo huohuo, chukua jumla ya Marekani na Canada mpaka muvi imeondoka gawanya kwa wikiendi ya kwanza. Black Panther ilifika 700, gawanya kwa 202 unapata kama 3.5. Hiyo ni miguu mirefu, watu walirudi mara ya pili na ya tatu, wakaleta wazazi, makanisa na mashule yalikuwa yanakodi ukumbi mzima. Huku kwetu pia ilikuwa na upepo wake, Februari 2018 ilionyeshwa Kisumu kwa uzinduzi kabisa, sababu Lupita Nyong'o yumo na baba yake ndo alikuwa gavana wa pale. Superman alipata 2.8, sio mbaya hata kidogo. Quantumania 2. The Marvels haikufika hata 2, yaani zaidi ya nusu ya hela yake yote iliingia siku tatu za mwanzo, basi ukumbi ukabaki na viti.

Kuna watu wanauliza si naweza kujua mapema zaidi kuliko kusubiri wiki nzima? Unaweza. Kuna kampuni inaitwa CinemaScore, usiku wa kwanza wanasimama milangoni kwenye sinema kadhaa Marekani wanawapa watu kadi wajaze, wanapata daraja kama la shuleni. Ila hapa kuna mtego, usisome kama matokeo ya kidato cha nne. Wanaojaza zile kadi ni mashabiki wa usiku wa kwanza, watu waliokuja na fulana na barakoa, hao hata ukiwaonyesha ukuta watakupa B. Kwa hiyo kwa supahiro A ndo kawaida, A+ ni sherehe (Avengers ya 2012, Black Panther na Avengers: Endgame wanayo), na B ni habari mbaya. Eternals ilipata B, Quantumania B, The Marvels B, Captain America ya 2025 akapata B minasi. Sasa linganisha na ile orodha ya walioporomoka hapo juu, utacheka.

Ila kipimo hiki nacho kina mipaka yake. Thunderbolts* na Fantastic Four zote zilipata A minasi, sawasawa na Superman. Waliokwenda waliipenda. Shida ikawa waliokwenda ni wachache, na hiyo inatuleta kwenye mambo mawili yanayofuata.

China sio ile tena

Ukitaka kujua kwa nini bilioni moja imekuwa ngumu, angalia China. Endgame mwaka 2019 iliingiza zaidi ya milioni 600 pale peke yake. Venom ya 2018, ambayo wachambuzi waliiponda vibaya, ilipata 269 kutoka China kati ya 856 zake zote, karibu theluthi. Wakati ule studio ilikuwa inaweza kutoa muvi ya kawaida na China ikaibeba.

Afu mlango ukafungwa. Kuanzia baada ya Spider-Man: Far From Home ya katikati ya 2019 hadi Februari 2023 hamna muvi mpya ya Marvel iliyoonyeshwa China. Shang-Chi, ambaye ni shujaa wa asili ya Kichina, hakuonyeshwa China. Mlango ulipofunguliwa tena wenyeji walikuwa wameshazoea vyao. Mwaka 2025 Ne Zha 2, katuni yao wenyewe kutoka hadithi zao za kale, ilipita dola bilioni 2 na karibu yote ilitoka ndani ya China. Mwaka huohuo Superman alienda pale akapata kama milioni 9. Milioni 9, kwenye nchi ya watu zaidi ya bilioni moja.

Kwa hiyo ukilinganisha muvi ya sasa na ya 2018 au 2019, fanya hivi: toa China kwenye zote mbili ndo ulinganishe. Ukifanya hivo baadhi ya muvi za sasa zinapungua ubaya. Na kuna moja inazidi kung'aa, Spider-Man: No Way Home, ilitoka Desemba 2021 bado korona ipo, China hawakuionyesha kabisa, na ikaingiza bilioni 1.9. Hiyo ukiipima vizuri ni maajabu kuliko hata watu wanavyoisifia.

Bei ya tiketi nayo ipo. Wastani wa Marekani mwaka 2012 ulikuwa chini ya dola 8, mwaka 2019 ukapita 9, na umeendelea kupanda. Ukisikia "imevunja rekodi" kwanza jiulize ni rekodi ya hela au ya watu. Nisikuchoshe hapo.

Sasa hili la kesho: supahiro wamekufa au la?

Ukitaka kutabiri usiangalie muvi moja moja, weka mwaka mezani. Nikupe mfano ambao kijiweni ulinyamazisha watu. Mwaka 2024 Marvel Studios walitoa muvi moja tu sinemani, Deadpool & Wolverine. Ikaingiza bilioni 1.338. Mwaka 2025 wakatoa tatu, Captain America, Thunderbolts* na Fantastic Four. Jumlisha 415, 382 na 521. Unapata 1,318. Yaani muvi tatu, bajeti tatu, matangazo ya mara tatu, zikashindwa na moja ya mwaka uliopita. Mtu akikwambia watu wameichoka supahiro muonyeshe ya 2024. Akikwambia supahiro iko poa haina shida yoyote muonyeshe ya 2025. Zote ni kweli, na ukizisoma pamoja zinakwambia kilichokufa ni ule mtindo wa watu kwenda kwa sababu tu nembo ya Marvel ipo mwanzoni. Zamani tulikuwa tunaenda kwa sababu hutaki kupitwa, kila muvi ilikuwa kama kipande cha tamthilia, ukikosa kimoja wenzako wanaongea wewe unakodoa macho. Sasa watu wanachagua.

Kwa nini? Wingi. Mwaka 2021 peke yake zilikuja muvi nne za Marvel na juu yake tamthilia tano za Disney+. Kevin Feige, bosi wa Marvel Studios, mwaka 2025 aliwaambia waandishi kwamba kuanzia mwanzo mpaka Endgame walitoa kama saa 50 za hadithi, na tangu Endgame wametoa zaidi ya saa 100 kwa nusu ya muda. Hebu fikiria mtu wa kawaida, ana kazi, ana watoto, ana foleni ya Mbagala, unamwambia ili uelewe The Marvels inabidi uwe umeangalia Captain Marvel, WandaVision na Ms. Marvel. Hiyo sio burudani, hiyo ni tuisheni. Wamesikia, wamepunguza, Disney walishasema hawatapita muvi tatu na tamthilia mbili kwa mwaka. Lakini mteja aliyehamia duka la pili harudi siku uliyopiga rangi duka lako.

Kwa hiyo ukitaka kukadiria muvi ya supahiro inayokuja mimi najiuliza hivi vitu, sio lazima kwa mpangilio. Mtu asiyejua chochote anaweza kuingia na akaelewa? Kuna kitu humo ambacho hawezi kukipata nyumbani? Imegharimu kiasi gani? Na je, inategemea kumbukumbu za zamani, na kama ndio, kumbukumbu zenyewe ni za nani?

Hilo la mwisho nilikalie kidogo maana ndo watu wanalikosea. No Way Home ilileta Spider-Man watatu, Deadpool akamfufua Hugh Jackman ambaye alikuwa Wolverine tangu 2000, zote zikapiga hela, basi watu wakaamua kwamba ukirudisha sura ya zamani umemaliza kazi. Afu wanasahau The Flash ya 2023. Ile ilimrudisha Michael Keaton, Batman wa 1989 kabisa, na ikaingiza 271 kwa bajeti ya 200 na kitu. Tofauti ni nini? Aliyekuwa anamlilia Batman wa 1989 ana miaka 45 na usingizi saa tatu usiku. Anayemlilia Wolverine na Spider-Man wa 2002 ana miaka 30, ana hela ya tiketi na ana marafiki wa kwenda nao. Na zaidi ya yote zile mbili zilikuwa na hadithi ambayo hizo sura zina kazi ndani yake. Kumbukumbu ni kama akiba ya kibubu, unavunja mara moja.

Na Marvel wanakwenda kukivunja kibubu chote. Avengers: Doomsday tarehe iliyotangazwa ni 18 Desemba 2026, Robert Downey Jr. aliyekuwa Iron Man anarudi ila safari hii ni adui, Doctor Doom, Chris Evans aliyekuwa Captain America naye yumo, na wale wa X-Men wa zamani kina Patrick Stewart na Ian McKellen wametajwa. Siku hiyohiyo imepangwa Dune: Part Three, na kumbi kubwa zile za IMAX hazitoshi wote wawili. Kabla yake kuna Supergirl ya DC mwezi Juni na Spider-Man: Brand New Day tarehe 31 Julai. Hizi mbili usizidharau. Spider-Man inakwambia kama kijana wa kawaida bado anaenda, Supergirl inakwambia kama ule msingi wa Superman una watu wa kudumu au walikuja kumuona Superman tu.

Binafsi Doomsday naitegemea ifungue vikubwa. Ninayoiogopea ni ile inayokuja baada yake. Avengers: Secret Wars, mwendelezo wake, imepangwa Desemba 2027, sawa, itabebwa na Doomsday. Baada ya hapo unabaki na nani? Kwa hiyo mimi macho yangu yako kwa hawa wapya kuliko wazee, kina Superman na Fantastic Four, kwa sababu hao ndo wataachiwa funguo.

Sasa siku Doomsday ikitoka kuna kosa moja nataka usilifanye, na ukilikwepa utakuwa umewazidi nusu ya watu wa mtandaoni. Ile sheria yangu ya wikiendi ya pili Desemba haifanyi kazi kama kawaida. No Way Home wikiendi ya pili ilishuka zaidi ya asilimia 67, sawa na Captain America wa 2025, na ungeifuata sheria ungesema imebuma. Kilichotokea ni kwamba mkesha wa Krismasi 2021 uliangukia Ijumaa, kumbi zinafunga mapema, watu wako nyumbani na ndugu. Baada ya hapo ikatembea Januari yote mpaka ikapita 800 kwa Marekani na Canada, zaidi ya mara tatu ya ilivyofungua. Aquaman ya 2018 ilifungua na 68 tu wiki ya Krismasi, watu wakaguna, wiki iliyofuata ikashuka asilimia 23 tu, ikamaliza na 335 huko huko na zaidi ya bilioni moja dunia nzima.

Mwaka 2026 Krismasi yenyewe inaangukia Ijumaa ya wikiendi ya pili ya Doomsday, mkesha unakuwa Alhamisi, nje ya hesabu. Ijumaa ya Krismasi huwa watu wanajaa sinemani jioni wakishakula. Kwa hiyo safari hii ikishuka 65 huna kisingizio cha mkesha, hapo ndo uanze kuwa na wasiwasi. Ikishuka 50 kushuka chini, tulia. Jumapili usiku kwa saa zetu namba za makadirio zinaanza kutoka, Jumatatu zinarekebishwa, na wikiendi ya pili ya Januari ndo inamaliza ubishi, kwa sababu sikukuu zimeisha na anayenunua tiketi siku hiyo ameambiwa na mtu. Jamaa wa trilioni ameshaweka chips mayai mezani kwamba inapita Endgame, yaani zile karibu bilioni 2.8. Mimi nimeweka kwamba haipiti, China sio ile tena.